Mmea wa Karibu na Kiti cha Vuai

Aliyetangulia kuugua alikuwa Vuai; mmea ukafuata. Na Biubwa, mkewe, mwanamke aliyezaliwa Makunduchi akalelewa kwa chuo na fimbo, asubuhi ile alikuwa amechutama uani kwake Turffontein, huko Johannesburg, anausemesha mti wa bangi kama mtu anavyomsemesha mtoto mwenye homa.

"Una nini wewe? Maji nnakupa. Jua unalo. Sasa hayo manjano umeyatoa wapi?"

Ndiyo, bangi. Tena bangi ya kupandwa, si ya kuota yenyewe. Msinitolee macho. Anayetaka kumhukumu Biubwa, kwanza amtazame mumewe mwenyewe akikonda siku baada ya siku, shati likimvaa yeye badala ya yeye kulivaa, halafu aje tuzungumze.

Maana huyo Vuai, jamani, mlikuwa mkimjua? Alikuwa fundi wa makochi, karakana yake Marshalltown, ana mikono ya kuvuta ngozi ya kiti mpaka ikalia. Na alikuwa mlaji. Si mla hovyo, la. Mlaji mwenye adabu ya chakula, anayejua biriani ilipopungukiwa na iliki. Kwenye maulidi Mayfair, sinia likipita, watu walikuwa wakisema, "Hili la wote, na lile la Vuai," naye akicheka kuliko wote. Biubwa aliolewa naye kwa ajili ya kicheko kile, na akakaa naye miaka yote Johannesburg, baridi na mashaka yake, kwa ajili ya namna alivyokuwa akifuta sahani kwa kipande cha mkate na kusema, "Mungu akuweke, Bi Biubwa." Mtoto Mungu hakuwajaalia. Walikuwa wao wawili na sufuria.

Kisha mwaka ule uliofuatia Kombe la Dunia, saratani ikamkuta tumboni. Dawa walikuwa wakimdondoshea mshipani kwenye hospitali kuu, na dawa yenyewe ikija na adhabu yake: nywele zikamtoka, ulimi ukamgeuka, chakula kikawa adui. Daktari, binti mpole mwenye miwani, akawaambia wazi. Dawa inafanya kazi, uvimbe umeanza kusinyaa. Lakini mwili unahitaji nguvu ya kuibeba. Uzito ukishuka chini ya kiwango atakaporudi kupimwa, itabidi wasimamishe dawa. Na dawa ikisimama, alisema, uvimbe hausimami.

Biubwa maneno hayo aliyameza mazima mazima.

Siku hiyohiyo, kwenye benchi la kusubiri, ndipo alipokutana na gogo mmoja, ndivyo Wazulu wamwitavyo bibi kizee. Bibi wa Kizulu, mnene, kibandiko cha kanisa kifuani, mumewe kando yake kwenye kiti cha magurudumu anatafuna andazi. Gogo akamtazama Vuai, akamtazama Biubwa, akainama, akamnong'oneza kwa Kiingereza cha kuvunja na Kizulu cha kurembesha: kuna majani. Huyu wangu pia alikuwa hali chakula, nikampa chai yake, sasa muone, ananimaliza. Usinunue kwa wale wahuni wa kona, mwanangu, wanachanganya na takataka. Panda mwenyewe. Akafungua ncha ya leso, akamtia mbegu kiganjani, akamfumba vidole.

Biubwa hakumuuliza sheikh yeyote. Aliogopa kuuliza kwa kuwa aliogopa kujibiwa. Alijiambia kwamba penye dharura pana ruhusa, na kama hapana, basi hilo litakuwa baina yake na Mola wake, Siku ya Kiyama atalieleza mwenyewe, tena kwa sauti.

Uani kwao kote kulikuwa saruji. Akatafuta ndoo nne za rangi, akanunua udongo, akapanda, akatundika kanga kwenye kamba zikawa pazia la kuwakinga na macho ya majirani na ya polisi. Mvua za mwezi wa kumi zilipoanza, mimea ilikuwa imemfika magotini, kijani cha kupendeza. Uliokuwa mbele ya wenzake ni ule wa karibu na kiti cha Vuai. Kiti hicho alikitengeneza mwenyewe zamani, kwa ngozi nyekundu iliyobaki kwenye kazi ya mtu, na tangu augue ndipo alipokuwa akikaa mchana, kwa kuwa jikoni harufu zilikuwa zikimshinda.

Na mmea huohuo ndio ulioanza kugeuka. Jani la chini kwanza, halafu la juu yake. Rangi ya bizari kabisa. Ncha zikakauka zikajikunja.

"Huo hauli vizuri," alisema Vuai kutoka kitini, akiutazama kwa jicho la pembeni.

"Na wewe je, umekula?"

"Mie?" Akamnyanyulia bakuli. Jeupe, limefutwa. "Leo iliki imesema, Bi Biubwa. Mungu akuweke."

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Kila alfajiri Biubwa alikuwa akimpikia supu ya kidari: ndimu, karafuu, iliki, bizari nyembamba, chumvi ya kutosha kumchangamsha mgonjwa. Akiichemsha mpaka nyama inayeyuka, anaichuja ili asipate tabu ya kutafuna, kisha anairudishia karafuu mbili nzima kwa ajili ya harufu. Anamwekea kando ya kiti, anajitwika sambusa zake kwenda kuziuza kwa Wasomali wa Mayfair, na akirudi alasiri bakuli linamsubiri likiwa jeupe. Siku zote jeupe. Na siku zote Vuai amepungua zaidi.

Mnaelewa uzito wa jambo hilo? Mtu hali, akakonda, hilo lina maelezo. Lakini huyu anakula bakuli zima na anakonda! Basi chakula kinaliwa na nani? Biubwa jibu alikuwa nalo, hakutaka kulitamka. Alikuwa akioga huku analia, maji yamfiche, akitoka bafuni anaimba.

Jirani yao wa chumba cha nyuma alikuwa Emérite, Mrundi, mwimbaji wa kwaya, muuza mboga pembeni mwa njia kule Marshalltown. Mwanamke wa kelele nyingi na moyo mpana. Siri ya zile ndoo aliijua tangu mbegu, na akaichukua kuwa yake.

"Dada, hii mti iko na kiu," alisema siku ya kwanza, akaumwagia maji.

Haukupona.

"Basi iko na njaa." Akaleta majivu ya mkaa.

Haukupona.

"Eish! Hii mti ni kiburi kama mume wangu wa kwanza." Akakuna kichwa. "Tuihamishe. Labda hapa haitaki. Ya ukutani tuilete hapa, hii tuipeleke kule."

Wakazibadilisha ndoo mahali, wakizisukuma kwa miguu huku wakicheka, mara Emérite akakanyaga pindo la kitenge chake nusura aingie ndani ya ndoo yeye mwenyewe. Vuai akatabasamu kitini. Kwa tabasamu lile Biubwa angezisukuma ndoo zile mpaka Soweto.

Lakini ona ajabu. Wiki haikwisha vizuri, ule mgonjwa uliohamishiwa ukutani ukaanza kutoa vijani vipya, vidogo, vya kijani. Na ule mzima ulioletwa karibu na kiti, ukaanza manjano.

Biubwa alisimama akaangalia huku, akaangalia kule. Si mmea basi. Ni mahali. Ni kiti. Ni mume wangu.

Kwao Makunduchi angekuwapo wa kumuuliza. Hapa akajiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe. Aliwahi kusikia kwa mabibi zake kwamba maradhi huweza kumtoka mtu yakaingia kwa kuku, au kwa mti, au kwa chochote chenye uhai kilicho karibu. Akaingia ndani, akatoka na chetezo, akafukiza ubani kuuzunguka ule mmea. Hakuwa akiyafukuza maradhi, sikieni. Alikuwa akiyakaribisha.

"Unafanya nini, mama?" aliuliza Vuai.

"Nnafukuza mbu."

Moyoni alikuwa akisema: kama yanakuhama wewe yanaingia kwenye mti, Vuai, basi yahame yote. Mie nitapanda ndoo mia. Nitaipanda Turffontein nzima. Akapuliza makaa mpaka machozi yakamtoka, akasingizia moshi.

Mwanamke wa watu! Mapenzi yakizidi, hata akili nayo hukaa pembeni ikasubiri zamu yake.

Jumapili ile, siku nne kabla ya siku ya mizani, Emérite alirudi kutoka kanisani na gunia begani, kajipaka poda, kavaa kitenge cha sikukuu, na anatoa harufu ya zizi.

"Dada! Toka uone! Iko Mrundi mwenzangu anafagia kwa farasi, pale kwenye mashindano. Amenipa mbolea." Akalishusha gunia kwa kishindo. "Hii si mbolea ya farasi wa mkokoteni, hapana. Ya farasi wa mbio! Hii mti sasa itakimbia."

Biubwa alicheka, na kucheka kwenyewe kulimuuma kwa kuwa kulikuwa kumemhama siku nyingi. Vuai alikuwa ndani amelala. Wakaona heri wamwage udongo wote wa ile ndoo ya karibu na kiti, wauchanganye na mbolea, waanze upya. Emérite akaushika mmea shingoni, Biubwa akainamisha ndoo.

Udongo ukatoka kama keki, mzima, umeshikamana. Mizizi ilikuwa ya kahawia, imeungua. Juu ya udongo kulikuwa na utando mweupe, na chini ya utando, kitu chenye mafuta. Na harufu ikapanda.

Biubwa akaacha kucheka.

Aliijua harufu ile. Mtu haisahau harufu ya jikoni kwake. Akatia vidole kwenye udongo, akapekua, akakitoa kitu kidogo cheusi, akakifuta kwa upindo wa kanga. Karafuu. Akapekua tena. Karafuu nyingine.

"Nini, dada? Ni mdudu?"

Biubwa alichovya ncha ya kidole kwenye udongo, akakitia ulimini.

"Yezu wangu! Unakula udongo?"

Chumvi. Ndimu. Bizari nyembamba. Ilikuwa supu yake. Supu zake, alfajiri kwa alfajiri, zilikuwa mle.

Alikaa chini pale pale kwenye saruji, miguu mbele kama mtoto. Emérite alimtazama usoni, akatazama udongo, akakitazama kiti chekundu kilicho kitupu. Akamgusa bega. Kisha akauosha ule mmea mizizi yake bombani, akautia kwenye udongo mpya pamoja na mbolea yake, polepole, akaenda zake chumbani bila kuimba.

Jioni Vuai alimuuliza mbona kimya. Akasema kichwa kinamuuma. Na hakulala.

Kesho yake alipika kama kawaida. Akachuja, akamimina, akamwekea kando ya kiti. Akajitwika sambusa.

"Haya, mie nnakwenda."

"Nenda na salama. Uwasalimie Wasomali wako."

Alikwenda mlango wa mbele, akaufungua na kuufunga kwa kelele, akasimama ukumbini. Akavua viatu. Akarudi hatua kwa hatua mpaka nyuma ya mlango wa uani, ulioachwa wazi kidogo, akajibanza pale, sambusa kichwani.

Vuai alikuwa amelishika bakuli kwa mikono miwili. Alinyanyua kijiko, akakisogeza mdomoni. Akakirudisha. Akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuruka mtaro, akakinyanyua tena, safari hii kikaingia. Biubwa aliona shingo yake ikihangaika. Aliona anafunga macho, anaziba mdomo kwa kiganja, jasho linamtoka utosini mahali pasipo na nywele, na anakimeza kwa nguvu, kisha anakitapika kile kijiko kimoja kwenye kitambaa alichokuwa amekiandaa mapajani. Alikuwa na kitambaa cha kazi hiyo. Alikuwa amejiandaa, kila siku, kujaribu na kushindwa.

Alikaa kidogo apate pumzi. Halafu akalichukua bakuli, akainama juu ya ndoo, akaimimina supu taratibu kuuzunguka mti, asimwage hata tone kwenye saruji.

"Haya, mwenzangu," aliuambia mmea. "Kula wewe. Mie nimeshindwa leo tena." Akafuta bakuli kwa kipande cha mkate, akaufukia mkate udongoni. "Na usimwambie."

Biubwa alikuwa amejiapiza atoke kwa ukali. Maneno alikuwa ameyapanga usiku kucha, makali, yenye miba. Alipotoka yalikuwa yamemtoka yote.

"Keshaniambia," alisema.

Bakuli likamponyoka Vuai. Halikuvunjika, lilibingirika mpaka miguuni pa Biubwa likatulia.

"Biubwa..."

"Mwongo wewe! Mwongo mkubwa! Iliki imesema! Ilikuambia nini hiyo iliki, Vuai, na hata ulimini haikufika?" Akaliweka chini sinia la sambusa. "Mie nnakaa nikidhani unakula. Nikidhani unakula na haikufai! Nikidhani donda lile ndilo linalokula chakula changu chote, wewe linakuachia mifupa! Umeniua mara ngapi, mwanamme wewe, unajua? Kila bakuli jeupe nimekuzika!"

Na alipolisema hilo kwa sauti, ndipo alipolisikia. Hakuwa akila. Basi kumbe ni njaa! Kumbe si maradhi yanayoshinda, ni njaa tu, njaa ya kawaida, na njaa mtu anaweza kupigana nayo! Akaanza kulia na kucheka pamoja, kanga mdomoni, hajui lipi lianze. Akaenda akapiga magoti, akakiweka kichwa chake mapajani mwa mumewe, juu ya kitambaa kile na vyote vilivyokuwamo. Hakujali.

Vuai alimwekea mkono kichwani. Ulikuwa mwepesi mno.

"Kwa nini usiniambie?"

"Ningekwambiaje? Unaamka kabla ya adhana. Nnakusikia unavyotwanga. Mtu anatwanga viungo gizani kwa ajili yako, halafu umwambie chakula chake kinanuka chuma? Kila kitu kinanuka chuma, Biubwa. Nyama hasa. Nikisikia harufu ya kidari roho inataka kutoka. Mie! Mie Vuai, wa sinia la pili!"

"Ungemwaga chooni basi, kuliko kuniulia miti yangu."

Akashtuka kwelikweli. "Chooni? Neema ya Mungu, tena iliyotoka mkononi mwako, niimwage chooni? Nimekufuru kwa uongo, hilo sikulithubutu. Na hapa uani kote ni saruji. Nilitazama, udongo safi ni huu wa ndoo tu." Akautazama ule mti kwa haya. "Halafu nilidhani itaupa nguvu. Supu ile imenilea mie miaka yote. Nikasema, kama mimi siwezi, basi nao ukale, ukue upesi, uwe dawa. Nijuavyo mie kilimo? Mie najua sponji na misumari."

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humfichua. Huyu alifichuliwa na jani la bangi, na ashukuriwe Mola kwa jani lile.

Biubwa alijifuta pua. "Sasa niambie. Lakini kweli, Vuai, wallahi ukinidanganya tena nnakuhama. Kuna kitu unakitamani? Chochote?"

Vuai akaanza kuchezea kifungo cha shati.

"Sema."

"Utakasirika."

"Nishakasirika. Sema."

Akatazama pembeni, kama kijana aliyekamatwa na sigara. "Kule karakana, wenzangu walikuwa wakila ugali wao ule, pap. Uliolala. Baridi. Wanaumwagia amasi juu yake, maziwa ya mgando, wanakoroga kwa kijiko. Sikuwahi kukwambia, lakini nilikuwa nikila nao. Hauna harufu, Biubwa. Hauna harufu ya kitu chochote." Akameza mate. Biubwa aliyaona yakishuka, mate ya kutamani, ya kwanza baada ya miezi. "Nnauota."

Sasa jueni Biubwa ni nani. Biubwa ni mpishi ambaye maharusi wa Mayfair walikuwa wakihamisha tarehe ili wampate. Na ugali uliolala na maziwa baridi, kwa kinywa chake mwenyewe, mbele za watu, alikwisha kuuita chakula cha kumwagia kuku. Aliapa hautaingia nyumbani kwake. Miaka yote ile haukuingia.

Alisimama, akajitanda kanga yake vizuri, akaenda kwenye spaza, kiduka cha kona, akasema, "Amasi. Kubwa." Kisha akapita chumba cha nyuma akagonga. Emérite siku hiyo alikuwa amechelewa kwenda sokoni. Akafungua mlango nusu, macho mekundu, inaonyesha naye alilia lake.

"Una ugali wa jana?"

Emérite alileta kipande kilichobaki sufuriani, kigumu, kimefunikwa kwa sahani, akampa kwa mikono miwili kama anatoa zawadi ya arusi.

Biubwa aliuponda kwa vidole vyake, akaumwagia maziwa, akakoroga. Mkono ukamwendea wenyewe kwenye kopo la iliki, akaurudisha. Mkono ukamwendea kwenye sukari, akaurudisha. Hakutia kitu. Katika maisha yake yote ya jikoni, hakuna chakula kilichomgharimu kama kile.

Akampelekea. Akakaa kwenye saruji, mbele yake, akamtazama.

Vuai alitia kijiko mdomoni. Akafumba macho. Biubwa naye akaacha kupumua, anaitazama shingo ile. Ikashuka. Akangoja. Mbali huko farasi walikuwa wakifanyishwa mazoezi, sauti za watu zinakuja na upepo. Ikabaki chini. Akatia kijiko cha pili. Cha tatu alikitia kwa haraka zaidi, tone la maziwa likamdondokea kidevuni, na hakulifuta kwa kuwa alikuwa na shughuli.

Alipofika chini ya bakuli alikwangua. Halafu akasema, bila kumtazama, kwa sauti ndogo:

"Niongeze kidogo."

Jamani, niongeze kidogo! Biubwa neno hilo hakulisikia tangu Ramadhani. Alinyanyuka mbio akajikwaa kwenye ndoo.

Alhamisi walikwenda hospitali. Muuguzi akampandisha Vuai kwenye mizani, Biubwa akageukia ukutani asione. Alisikia vyuma vikigongana. Alisikia muuguzi akiita jina la daktari. Kisha yule binti wa miwani akaja akamshika kiwiko, akamgeuza.

"Hajashuka chini ya kiwango," alisema. "Yupo palepale mpakani. Tunaendelea na dawa."

Kwenye benchi walimkuta gogo na mumewe. Biubwa alimsimulia habari ya supu, kwa Kiingereza kidogo na mikono mingi, na gogo akacheka mpaka akajipiga paja, mpaka mgonjwa wa mwisho kwenye foleni akageuka. Chumvi! Wena, wewe! Umeipikia dagga, bangi yako! Halafu akaacha kucheka, akamtazama Vuai kwa muda, akamtazama Biubwa, akamfumba tena vidole kama siku ile, safari hii bila kitu ndani.

Mimea ilipona. Emérite hadi leo anaapa ni kwa ajili ya farasi wa mbio. Ule wa ukutani ulirefuka mpaka kanga zikawa fupi, na ule wa karibu na kiti, uliokuwa umebakiwa na majani mawili, ulichipua upya kuanzia chini. Wakati wa chai ya gogo ulipofika, Biubwa aliipika, Vuai akainywa akikunja uso, na kama ilimsaidia au ni amasi tu, hilo Mungu ndiye ajuaye. Alikula. Kuna siku alikula kidogo sana na kuna siku hakula kabisa, lakini siku hizo sasa alikuwa akilisema, bakuli likirudi limejaa, na Biubwa akilipokea lilivyo.

Tabia moja tu haikumtoka Biubwa. Kila alasiri akirudi kutoka Mayfair, kabla ya kuvua viatu, anapitia uani. Anainama kwenye ndoo ya karibu na kiti, anachovya kidole udongoni, anakitia ulimini.

"Wanipeleleza bado?" anauliza Vuai kutoka kitini, bakuli jeupe mapajani.

"Nyamaza," anasema Biubwa, anauonja. Ni udongo. Ni udongo mtupu, hauna chumvi, hauna ndimu, hauna chochote mle ndani isipokuwa udongo, na hakuna kitu kitamu alichowahi kukionja kinachoufikia.